Jogoo Juu ya Kanisa la Batamaji

"Hivi, tangu lini jogoo akapanda juu ya kanisa letu?"

Aliyeuliza ni Bi Almuth Reents, jirani wa kanisa, ukuta kwa ukuta. Aliuliza Jumapili moja baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, amesimama mbele ya mchoro wa zamani katika ukumbi wa usharika wa Ossenhamm. Aliuliza kwa kucheka, na waliokuwa karibu wakacheka naye. Kisha mmoja akasogea kutazama, mwingine akapapasa kutafuta miwani yake, na kicheko kikakatika.

Mchoro wenyewe uliitwa Soko la Ossenhamm. Lübbo Harders aliuchora mwaka 1791, na mji haukuwa na kitu cha kujivunia kuliko huo. Masizi ya jiko la makaa na moshi wa mishumaa vilikuwa vimeutia weusi mpaka ng'ombe wa sokoni wakafanana na mawe. Ndipo baraza la wazee wa kanisa likaupeleka Bremen kwa fundi wa kusafisha michoro. Ukarudi unang'aa. Lakini juu ya paa la kanisa, pale ambapo kila mtu alikumbuka batamaji mweupe mwenye shingo ndefu, sasa alisimama jogoo.

Mahali pengine watu wangesema ndege ni ndege. Katika nchi hii ya mabwawa na mifereji hata mtoto wa chekechea anajua kwamba batamaji ni wa Walutheri na jogoo ni wa watu wa Kalvini. Kumwona jogoo juu ya kanisa la Ossenhamm ni sawa na kumkuta baba yako kwenye picha ya harusi ya watu wengine. Hata Jumatatu haijapambazuka vizuri, mji ulikuwa umekwisha kuhukumu: mchoro wa kweli umeuzwa, huu ni bandia, na aliyeubadilisha ni Eppo Siebels, mtunza kanisa. Si ndiye aliyeupeleka kwa gari lake? Si ndiye aliyeurudisha?

Wakamnyang'anya funguo siku hiyo hiyo. Ijumaa baraza lingekaa kumfukuza kazi. Na kazi ya mtunza kanisa huja na nyumba. Ikiondoka kazi, nyumba nayo inaondoka. Ndani ya nyumba ile alilala Hilke, mke wa Eppo, ambaye miguu yake ilikataa kumbeba tangu Pasaka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Inspekta Gesche Tammen wa polisi ya wilaya alipoingia ukumbini Jumatano, mwavuli unachuruzika maji. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, asiyependa kuharakishwa. Mwalimu Hajo Remmers, mwenyekiti wa baraza la wazee na mkuu wa shule mstaafu, alikuwa akimngoja mlangoni.

"Karibu, Inspekta. Nasikia umezaliwa Uphusum, ng'ambo ya mfereji. Kijiji cha jogoo." Mwalimu alicheka kidogo. "Natumaini hukuja kumtetea ndugu yako pale ukutani."

"Jogoo wa kwetu anawika, Mwalimu. Huyu kanyamaza. Nimekuja kumsikiliza."

Akaomba kiti, akakaa mbele ya mchoro, mikono mapajani. Alikuwa na desturi yake kazini: kitu ambacho kila mtu anakionyesha kwa kidole, yeye alikitazama mwisho.

Kwa hiyo alianzia chini, sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha katika mchoro ule pia. Mawe ya njia yalilowa, na ndani ya dimbwi moja nyumba zilisimama kichwa chini, nyekundu, zikitikisika. Kutoka hapo macho yakapanda. Nyumba za matofali zilibanana bega kwa bega, na kuta zake za mbele zilipanda kwa ngazi kushoto na kulia mpaka zikakutana kileleni. Mchoraji aliyapenda matofali, hilo halikuhitaji shahidi. Moja lilikuwa na rangi ya ini, jingine rangi ya ganda la mkate, jingine limeungua tanurini likawa la zambarau. Juu kabisa ya nyumba ya mfanyabiashara ulikuwapo mlango usio na ngazi, na mbele yake boriti yenye kamba ya kuvutia magunia. Kwenye nyumba ya mizani, ambako mizigo ya soko ilipimwa, vyuma vya kushikia ukuta vilikunjwa kuwa tarakimu, 1647. Kisha kanisa, limejikunja chini kama ng'ombe aliyelala, na kengele zake katika nyumba yake ya pembeni, kwa kuwa udongo ule haubebi mnara.

"Hii nyumba ya mizani imeinama," alisema Gesche.

Uso wa Mwalimu ukalainika. Akasogeza kiti, akakaa naye. "Imeinama hata leo. Nguzo za chini zilizama upande mmoja. Wachoraji wengi wa wakati ule waliinyoosha miji, Inspekta. Kila nyumba wima, kila dirisha sawa, mji ukafanana na meza iliyoandaliwa kwa wageni. Harders hakunyoosha kitu. Alichora alichokiona."

"Alichokiona," alirudia Gesche.

"Basi. Ndiyo maana tunaumia. Mwizi katuachia kiinimacho." Akafungua bahasha, akatoa picha kubwa ya kamera, nyeusi na nyeupe. "Mpiga picha wa gazeti aliipiga mwaka 1958, hapa hapa ukutani. Tazama paa la kanisa."

Batamaji alikuwapo, mweupe, shingo imerudi nyuma mno kama ndoano ya kutundikia nyama.

"Na hiki?" Gesche alinyoosha mkono kwenye kijitabu kilichokuwa chini ya bahasha.

"Ah, kazi yangu ndogo. Historia ya mji. Tutakitoa rasmi mwezi wa sita kwenye sikukuu." Kwenye jalada ilisomeka: Mji wa Batamaji Tangu Mwanzo. Chini ya maneno hayo alichorwa batamaji kwa wino. "Ndege huyo ni mkono wa marehemu baba. Alifundisha shule hii kabla yangu, na kinanda cha kanisa alipiga yeye."

"Mkono mwepesi."

"Sana."

Gesche akatoa lenzi mfukoni. Alianza na picha ya gazeti, akainuka kwenda kwenye mchoro, akarudi kwenye picha, akaenda tena. Mwalimu alimfuata kwa macho kama mtu anayetazama mchezo wa tenisi.

"Unatafuta nini? Ndege anaonekana hata bila miwani."

"Natafuta nyufa."

"Za nini?"

"Rangi ya zamani hupasuka, kama matope ya mfereji ukikauka. Ufa huu unaanzia kilele cha nyumba ya mizani, unapita kwenye moshi wa dohani, halafu unachanika mara tatu kama mguu wa kuku."

"Matapeli wanajua kupasua rangi, Inspekta. Wanaibanika kwenye jiko la mkate. Nimesoma."

"Hata mimi nimesoma," alisema Gesche, akafuta lenzi kwa ncha ya skafu yake. Hakusema zaidi. Tapeli anaweza kupasua rangi, lakini hawezi kuuambia ufa upite njia gani. Na ufa wa mguu wa kuku ulikuwapo kwenye picha ya mwaka 1958, ukipita njia ile ile, ukichanika pale pale.

Turubai lilikuwa lile lile. Hakuna aliyeiba kitu. Sasa jambo la kutafutwa lilikuwa batamaji.

*

Eppo Siebels alimpokea jikoni, akamwekea chai kabla hajaulizwa kama anataka. Kipande cha sukari kikalia ndani ya kikombe, maziwa yakashuka pembeni kama wingu. Chumba cha pili Hilke alikohoa.

"Mlango uache wazi, Eppo," aliita Hilke. "Nataka kusikia unavyodanganya."

"Sidanganyi, mke wangu!"

"Basi nataka kusikia unavyosema kweli. Inachekesha zaidi."

Gesche alikunywa kwanza. Kisha akauliza, "Bwana Siebels, siku uliyotoka Bremen na mchoro, gari lako lilionekana uani kwa Ihnen, muuza vitu vya kale, barabara ya Oldenburg. Baraza uliliambia hukusimama popote."

Masikio ya Eppo yakawa mekundu. Alikuwa mzee mwembamba wa mifupa mikubwa, na aibu haikuwa na mahali pa kujificha mwilini mwake.

"Nilisimama."

"Kufanya nini kwa muuza vitu vya kale?"

Eppo akasogeza birika, akalirudisha.

"Mwambie!" aliita Hilke.

"Tumbo," alisema Eppo kwa sauti ya chini. "Nilikula samaki kule stesheni, mkunga wa kukaushwa kwa moshi. Sikufika mbali. Pale kwa Ihnen ndipo penye choo."

"Na mchoro?"

"Mchoro nini?"

"Wakati wewe uko chooni, mchoro ulikuwa na nani?"

Eppo alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anaacha kanisa wazi usiku. "Nilikuwa nao. Ningeuacha garini, mali ya kanisa? Niliingia nao. Ulikuwa umefungwa kwenye blanketi, upana wake kama mkono wangu. Niliushika mapajani."

Kutoka chumba cha pili kilisikika kicheko cha Hilke, kirefu, chenye kikohozi ndani yake. "Miaka mia mbili na zaidi mchoro unaheshimiwa, Inspekta! Akaja Eppo wangu!"

Gesche alibana midomo isicheke. "Mbona hukuwaambia wazee?"

"Wazee, mama? Mchungaji Imke amekaa pale, Mwalimu Remmers amekaa pale, nianze kuwasimulia tumbo langu na mchoro wa kanisa? Heri mwizi."

Njiani kurudi, Gesche alipita kwa Ihnen. Mke wa Ihnen alikumbuka bila kusaidiwa. Alisema mzee mmoja alikuja mbio, jasho linamtoka, amekumbatia mzigo. Alipoambiwa auache kaunta, alimjibu kwamba wamo ndani watu wengi na kanisa, hawezi. "Nikajua huyu kichwa kimemruka. Lakini alinishukuru vizuri, na choo alikiacha safi."

*

Fundi wa Bremen, Korinna Vahl, alikuwa likizo Denmark na simu yake imezimwa. Alirudi Alhamisi, na Gesche akawa mlangoni kwake kabla hajafungua sanduku la nguo. Karakana ilinukia tapentaini na kahawa.

"Ule mchoro wenye dimbwi!" alisema Korinna, akafurahi mara moja. "Umeliona dimbwi? Nyumba ndani ya maji zimeinama kuliko nyumba za juu. Alikaa akatazama maji, yule mtu. Nilifanya kazi polepole ili usiniishie."

"Nimekuja kuuliza habari za ndege."

"Yupi? Wa juu au wa chini?"

Gesche akavuta kiti.

Korinna alikuwa na mazoea ya kupiga picha kila hatua ya kazi. Akazipanga mezani. Ya kwanza, batamaji mzima. Ya pili, batamaji bila kichwa, na mahali pa kichwa upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo. Ya tatu, jogoo peke yake, mkia umepinda, anatazama magharibi.

"Batamaji hakuwa wa Harders," alisema Korinna. "Alikaa juu ya masizi, kama vumbi linavyokaa juu ya kabati. Nilipopitisha pamba yenye dawa, masizi yakaondoka, naye akaondoka nayo. Nikasimama papo hapo. Nikapima ile rangi nyeupe. Ni nyeupe ya titani. Haikuuzwa madukani kabla ya miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Kwa hiyo mtu aliweka batamaji pale baada ya hapo."

"Na kabla ya mwaka 1958."

"Kama wewe unasema. Alikuwa mtu anayejua kushika brashi kiasi, lakini si mchoraji. Tazama shingo."

"Nimeitazama," alisema Gesche. "Ulipoona hivyo, ulimwambia nani?"

"Mwenye kazi. Nilipiga simu siku hiyo hiyo, nambari niliyopewa. Bwana mwenye sauti ya mwalimu. Nikamwambia, ndege wenu si wa asili, na wa asili ni jogoo. Nimrudishe batamaji au nimwache jogoo? Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema, rudisha mchoro ulivyo, usiandike taarifa, nitawaeleza wenzangu mwenyewe."

"Na aliyekuja kuuchukua?"

"Mzee wa mifupa? Aliukuta umekwisha kufungwa. Aliuliza jambo moja tu: mchoro unaogopa baridi? Nikamwambia kidogo. Akavua blanketi la kiti cha gari lake."

*

Ijumaa alasiri wazee wa baraza walikaa meza ndefu ya ukumbini, Mwalimu Remmers kichwani, Mchungaji Imke Folkerts kando yake. Eppo alikalishwa mwishoni, peke yake, amevaa suti ya mazishi. Bi Almuth alizunguka na birika, na hakuna aliyethubutu kumwambia kikao ni cha siri.

"Inspekta ana neno fupi," alisema mchungaji, "kisha tutapiga kura."

"Fupi sana. Mchoro ni wa kweli." Gesche aliweka picha ya gazeti mezani na lenzi juu yake. "Fuateni ufa kutoka nyumba ya mizani, halafu nendeni ukutani mkaufuate tena. Nitasubiri."

Viti vikaburutwa. Wazee wakaenda mmoja mmoja, wakainama, wakarudi na nyuso nyingine. Mwalimu Remmers hakuinuka.

"Ufa ni ufa," alisema. "Batamaji yuko wapi? Tuanzie hapo."

"Yuko kwenye pamba, kwenye pipa la taka, Bremen. Alipakwa juu ya masizi na mtu wa karne iliyopita. Chini yake alikuwapo jogoo tangu mwanzo."

Ukumbi ukavuma. "Jogoo? Hapa?" "Babu zetu walikuwa watu wa Kalvini?" "Harders alikosea, basi!"

"Huenda alikosea," alisema Gesche. "Huenda mji ndio uliosahau. Hilo si la polisi. Lakini Jumatano Mwalimu alinifundisha jambo. Alisema Harders aliiona nyumba imeinama akaichora imeinama. Alichora alichokiona."

"Aibu tupu!" Bi Almuth aliweka birika chini. "Miaka yote hii tunawacheka watu wa Uphusum. Watakuja kutucheka mpaka Krismasi."

"Wameshaanza, Bi Almuth. Nilimpigia simu mama yangu."

Wawili watatu wakacheka kwa shida. Mchungaji Imke hakucheka. Alikuwa amekiona kijitabu mbele ya Mwalimu, na batamaji wa jaladani, na shingo yake. Alichukua picha ya gazeti, akailaza kando ya jalada. Ndoano mbili za nyama, zimepinda sawasawa. Akazisukuma katikati ya meza ili wengine nao waone.

"Baba alikuwa mcha Mungu," alisema Mwalimu Remmers. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alifundisha watoto chini ya mchoro ule. Kila mwaka mtoto mmoja alimwuliza, mwalimu, mbona jogoo? Hakuwa na jibu. Akawapa jibu."

"Hakuna anayemshtaki baba yako," alisema Gesche. "Amekwisha kwenda kwa Hakimu anayejua zaidi. Mimi nina simu moja tu ya kuulizia. Fundi alikupigia kabla mchoro haujarudi. Alikuambia kuna jogoo chini. Ulimwambia asiandike taarifa."

"Nilihitaji muda. Kitabu kimekwisha kuchapwa. Sikukuu imetangazwa."

"Mchoro ukiwa bandia, kitabu chako ni kweli. Mchoro ukiwa wa kweli, kitabu chako ni uongo. Ndiyo?"

"Nilitaka kusubiri. Nilikuwa natafuta maneno. Halafu Almuth akauliza lile swali lake mbele za watu, na watu wakaanza kusema mwizi, mwizi, na mimi sikulitamka jina la mtu—"

"Hajo."

Eppo alikuwa amesimama mwisho wa meza. Hakupandisha sauti. Walibatizwa wiki moja, yeye na Remmers, kwenye maji yale yale, na mjini, zaidi yake na Hilke, hakuna mwingine aliyemwita Mwalimu kwa jina lake la utoto.

"Jumatatu ulikuja nyumbani kuchukua funguo," alisema Eppo. "Ulisimama mlangoni kwa Hilke. Akakuuliza, Hajo, kweli Eppo wangu ni mwizi? Ukamjibu, macho yameona, Hilke. Tangu siku hiyo hali chakula. Anacheka mbele ya wageni, lakini hali." Akashika mgongo wa kiti. "Nakuuliza hilo tu. Wakati unamjibu mke wangu, ulikuwa unajua?"

Mvua iligonga vioo. Mwalimu Remmers alimtazama Eppo, akatazama ukutani ambako jogoo alikuwa ameelekea magharibi bila kujali. Akaweka kijiko ndani ya kikombe. Akachukua kofia yake, akaacha kijitabu pale kilipo, funguo za Eppo juu yake, akapita nyuma ya viti vya watu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipomfikia Eppo, ambaye hakumsogelea wala hakumpisha. Ikabidi azunguke. Akafungua mlango, akatoka.